Fundi Analipwa kwa Mita, Kona Inalipwa na Nani?

Ubao wa nyuma wa kabati letu la jikoni ulianza kuvimba taratibu kama andazi. Tukadhani ni bomba. Nikamwita fundi bomba, akajilaza chali chini ya sinki, tochi ya simu mdomoni, akagusa gusa huku na kule, kisha akatoka anajipangusa. "Bosi, bomba lako zima. Maji yanakuja kutoka juu." Juu wapi tena? Akaweka kidole kwenye ule mstari mweupe unaokutanisha kaunta na ukuta. Ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Alipobonyeza kidogo tu, kipande kikabanduka kama ganda la yai.

Saruji nyeupe. Nyumba haijamaliza hata miaka miwili.

Ukitaka kuniamini, zunguka nyumba mpya za Dodoma. Tangu Serikali ihamie huku kuanzia 2016 tumejenga kwa pupa: Nzuguni, Ilazo, Iyumbu, Mkonze, kila ukipita kuna tofali zimepangwa. Ukikaribishwa ndani unakuta dari ya jipsamu yenye taa za kila rangi na marumaru unazoweza kujitazamia kama kioo. Sasa ingia bafuni, chuchumaa, tazama pale sakafu inapokutana na ukuta. Hapo ndipo nyumba inaposema ukweli: ufa, weusi wa ukungu, saruji nyeupe iliyopakwa kwa kidole.

Sababu yake naijua, maana na mimi nimeshiriki. Fundi wa marumaru tunapatana naye kwa mita ya mraba. Kona haina mita ya mraba, kona ni mstari. Kwa hiyo siku ya mwisho, akili yake iko kwenye saiti nyingine, na mimi nimeshamkandamiza bei mpaka nauli imekuwa shida, anachukua saruji nyeupe iliyobaki kwenye kopo, anaipitisha kwa kidole, anasema, "Hapa tunaua tu, bosi." Na kweli tunaua. Simlaumu sana. Kazi isiyo na bei haina mwenyewe, na ndiyo maana nimefikia msimamo kwamba kona za jikoni na bafuni ni kazi ya mwenye nyumba. Ifanye mwenyewe Jumamosi moja, kwa silikoni, ile gundi laini ya kuzibia inayouzwa kwenye tyubu, na vifaa ambavyo vyote kwa pamoja havikushindi.

Saruji nyeupe na grauti mahali pake ni katikati ya marumaru na marumaru, kwenye ukuta mmoja ulio bapa. Kona ni jambo jingine. Kaunta na ukuta ni vitu viwili, na kila kimoja kina mwendo wake. Kaunta inabeba ndoo, siku ya kukata kuku inagongwa kwa kisu, mchana wa Novemba inapata joto, alfajiri ya Julai inakuwa baridi unaogopa kuigusa. Vinatanuka na kunywea kila kimoja kivyake, na saruji hainyumbuki, kwa hiyo inapasuka. Silikoni ikishakomaa ni kama mpira, inavutika na kurudi. Hiyo ndiyo hoja yote ya kuweka silikoni. Weupe na uzuri ni nyongeza.

Mara ya kwanza nilivurunda, na niseme wazi nilivyovurunda. Nilinunua tyubu dukani, imepangwa chini ya bati, jua linapiga tangu saa tatu asubuhi. Sikusoma tarehe. Nikaweka, nikasubiri, siku ya tatu ukigusa bado inanata kama ulimbo. Kuja kugeuza tyubu, muda wake ulikuwa umepita miezi mitano. Silikoni iliyozeeka au kukaa sana kwenye joto inaweza isikomae kabisa, hata ukiisubiri hadi mvua za Desemba. Nikaanza kuikwangua kwa wembe, nusu siku nzima, maana silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Kwa hiyo tarehe kwanza, bei baadaye.

La pili ambalo watu wa Dodoma inabidi tulijue: silikoni haikauki kama rangi. Inakomaa kwa kunywa unyevu wa hewani, milimita mbili tatu hivi kwa saa 24. Ndugu yangu wa Dar halijui hili tatizo, kule hewa yenyewe unaweza kuikamua. Huku kwetu, kati ya Juni na Oktoba hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, na silikoni nayo inachelewa. Mimi huweka beseni la maji bafuni na kutundika kanga mbichi mlangoni. Dirisha nafunga, si kwa sababu ya unyevu tu, ni kwa sababu ya lile vumbi jekundu. Upepo ukipuliza dakika tano juu ya silikoni mbichi, kazi yako nyeupe inageuka sandipepa.

Sasa vifaa. Bunduki za silikoni, zile za kukamulia tyubu, ziko za aina mbili kubwa. Ile ya bei ya chini kabisa ina fimbo yenye meno, kila ukibonyeza inaruka: inatema, inanyamaza, inatema. Yenye fimbo laini isiyo na meno inasukuma kwa utulivu, na tofauti ya bei si ya kukosesha mtu usingizi. Jifunze kile kichuma cha nyuma: ukikibonyeza kinaachia msukumo, silikoni inaacha kutoka. Nimeona watu wazima wakikimbia na bunduki inayodondosha silikoni kutoka jikoni hadi uani kwa kutokijua.

Mdomo wa tyubu ukate kwa mshazari, na tundu lisizidi upana wa ufa wenyewe. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanakata tundu la kupitisha kidole, halafu wanashangaa kona imejaa kama krimu ya keki.

Halafu tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Bandika mstari mmoja ukutani na mmoja kwenye kaunta, kila mmoja milimita tatu kutoka kona. Hii tepu ndiyo inayomfanya mtu asiye fundi aonekane fundi. Lakini kabla ya tepu, usafi. Maji yetu ya visima yana chumvi, yanaacha ule ukoko mweupe kwenye kila kona. Ukipaka juu yake, silikoni inashika chumvi, haishiki ukuta. Sugua kwa siki au ndimu (kama ukuta ni marumaru za kiwandani, kwenye jiwe la asili usithubutu), suuza, futa, acha pakauke kabisa, ikiwezekana usiku mzima bila kufungua bomba. Nyumbani kwangu hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote: kuwashawishi watu sita wasitumie sinki.

Unapitisha bunduki mwendo mmoja, bila kusimama simama. Kisha kifaa cha kusawazisha. Vipo vya plastiki dukani, lakini changu nilikata kutoka kadi ya benki iliyokwisha muda: nilikata pembe yake moja kwa mshazari, milimita nne tano. Unaichovya kwenye kikombe cha maji yenye tone la sabuni ya vyombo, unaivuta kwenye kona kwa mkono mwepesi, unafuta, unavuta tena. Maji ya sabuni yanakuja baada ya silikoni, si kabla. Jirani yangu alilowesha kona kwanza ili "iteleze vizuri", ikateleza kweli, baada ya wiki aliivuta yote ikatoka kama tambi.

Na kidole? Najua mafundi watanicheka. Kidole ni laini, kinachimba katikati na kuacha kingo nyembamba kama karatasi, na kingo hizo ndizo zinazobanduka mwanzo. Kuna hata wanaokilamba kwanza, akienda kupaka anarudi kukilamba tena. Basi. Nakiruhusu mahali pamoja tu, pale kuta mbili na kaunta zinapokutana, kadi haifiki.

Tepu bandua hapo hapo, silikoni ikiwa bado mbichi. Ukienda kunywa chai, ukirudi juu pameshafunga utando na tepu itaondoka nao.

Kuhusu aina: ile inayonuka siki inatosha kwa marumaru za kiwandani na sinki la udongo. Kaunta ikiwa ya graniti au jiwe lolote la asili, tafuta isiyonuka siki, kwa kuwa tindikali yake inaweza kuacha doa kwenye jiwe. Bafuni chukua iliyoandikwa kuwa inazuia ukungu. Na usiweke silikoni ya kawaida mahali unapotaka kupaka rangi, rangi haishiki.

Choo cha kukaa nakizungushia pande tatu, nyuma naacha wazi. Chini kukivuja, maji yatokee niyaone, yasijifiche chini ya sakafu mpaka ianze kunuka.

Mwezi uliopita yule fundi wa marumaru alipita kuchukua ngazi yake. Akaomba maji ya kunywa, akasimama pale kwenye sinki, akapitisha kidole kwenye kona polepole, kwenda na kurudi.

"Bosi, hii kona kakufanyia nani?"

"Mimi mwenyewe."

Akanywa maji yote, akaweka glasi. "Kwa mita unatoza shilingi ngapi?"