Gumba Limepita Chini ya Zipu

Najua mshasikia. Yule mwenzangu wa sauti ya nne ameshatuma kwenye grupu la kwaya kwamba mpiga kinanda wetu kakamatwa na pochi ya watu. Sikukamatwa. Nilishukiwa. Tulieni niwaeleze.

Mwalimu kanipa skeli ya F, yaani nota zinazopanda kwa mpangilio kuanzia F, mkono wa kulia. Wanaopiga mnaijua fitina yake. Kwenye C gumba linapita chini ya kidole cha tatu, ukishazoea unatamba. Kwenye F, kwa sababu ya ile nota nyeusi iliyoinuka, B flati, unakwenda moja, mbili, tatu, nne, ndipo gumba lipite. Wiki ya pili sasa nalipitisha mapema. Na kwa kuwa nyumbani sina kinanda, najifunzia popote: mezani, ukutani, mgongoni kwa mdogo wangu.

Jana jioni, daladala ya Kariakoo–Gongo la Mboto, imejaa konda ananing'inia mlangoni. Mimi nimepata siti. Mama mmoja kasimama, akanitua mkoba mapajani: "Mwanangu, nishikie." Mkoba mpana, umenyooka kama meza. Na foleni ya Buguruni haisogei.

Nikafumba macho. (Ndiyo, nilifumba. Msinitukane.) Moja. Mbili. Tatu. Vidole vinatambaa taratibu kupanda mkoba. Cha nne kikatua juu ya kichuma kilichoinuka kidogo. Nikajisemea, B flati hiyo. Gumba likainama, likapita chini, likaendelea kwenda. Palikuwa laini. Pana joto. Nikagusa noti. Siyo nota, jamani, noti, zimekunjwa na mpira. Na mimi, kwa raha ya kulipitisha gumba mahali pake kwa mara ya kwanza, nikatabasamu.

"We kaka, unatafuta nini humo?"

Muuza karanga dirishani akasimamisha mkono hewani. Nikafumbua macho, na haki ya Mungu hivi ndivyo nilivyojibu:

"Mama, natafuta F."

Basi. Kelele, kofi moja la kisogo sijui la nani, hela zikahesabiwa, haikupungua hata mia, nikashushwa Tazara. Mwenzangu alikuwa siti ya nyuma muda wote, hakufungua mdomo.

Leo mazoezini nimekaa kwenye kinanda, mama wa sauti ya kwanza akahamisha pochi yake. Nikaanza F. Gumba nikalipitisha mapema.