Gesi ibaki kwenye jiko, friji lipewe betri

Kila mwenye gari la kulala hapa Arusha hufika kwenye swali la friji. Wengine wameagiza gari kutoka Uingereza likiwa na kitanda, sinki na kila kitu. Wengine wamenunua Fuso iliyochoka wakawapa mafundi wa Unga Limited waigeuze nyumba. Swali ni lilelile: tufunge friji la mtungi wa gesi, linalopoza kwa moto, au la kompresa, linaloendeshwa na mota ya betri? Mimi nasema kompresa, na nasema hivyo nikijua kabisa kwamba ni ghali zaidi dukani na kwamba nusu ya watu waliolifunga wanalilalamikia.

Friji la mtungi silidharau. Ni kifaa cha ajabu kwa kweli. Halina mota, halina pampu, halina kitu kinachozunguka. Mgongoni lina mabomba yaliyozibwa ambamo mna maji, amonia na haidrojeni. Chini unawaka moto mdogo. Amonia inachemka na kuachana na maji, inapanda, inapoa na kuwa kimiminika, kisha inaingia kwenye mabomba ya ndani ya friji ambako inakutana na haidrojeni na kugeuka mvuke tena. Hapo ndipo inaponyonya joto la nyama na soda zako. Maji yanaipokea upya na kuirudisha kwenye moto. Baltzar von Platen na Carl Munters walibuni mtambo huu mwaka 1922 wakiwa bado wanafunzi Stockholm, na kufikia 1925 Electrolux ilikuwa inaupeleka sokoni.

Huku kwetu tuliufahamu kupitia misheni na zahanati. Kabla nguzo za umeme hazijafika vijijini, chanjo zilitunzwa kwenye mafriji ya mafuta ya taa au gesi, na watoto wakachanjwa. Kwa hiyo mzee akikwambia friji la moto halina matatizo, anasema alichokiona kwa macho. Ila lile alilolijua lilikaa juu ya sakafu ya saruji iliyopimwa kwa pima maji, na halikuwahi kurushwa kwenye rafu rodi ya kwenda Naabi, lango la Serengeti.

Hapo ndipo ugomvi wangu na friji hili unapoanzia. Kwa kuwa halina pampu, kinachorudisha maji na amonia kwenye moto ni mteremko wa mabomba tu. Ukiliinamisha, kimiminika kinatuama mahali pasipotakiwa, moto unaendelea kupasha bomba kavu, na dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani inaharibika na kuganda. Ikishaganda, bomba limeziba moja kwa moja. Mafriji mengi ya aina hii huvumilia mwinamo wa nyuzi 3 hivi gari likiwa limesimama. Kwa gari lenye upana wa mita mbili, nyuzi 3 ni kama sentimita 10 za tofauti kati ya tairi la kushoto na la kulia. Nionyeshe kiwanja cha kulala Karatu, au kwenye kingo za Ngorongoro, ambacho hakina sentimita 10 hizo! Gari likiwa linatembea si shida sana, kwa sababu linayumba huku na huku na kimiminika hakikai upande mmoja. Kinachoua ni kuegesha kwa mwinamo jioni, ukala, ukalala, moto unawaka hadi asubuhi.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo wauzaji wa Ulaya hawalitaji kwa sababu wateja wao wengi wanakwenda baharini. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kiwanja cha Simba pale kingoni mwa Ngorongoro kimevuka mita 2,000 kwa mbali, na hewa huko imepungua kwa karibu robo ukilinganisha na Tanga. Moto wa gesi uliopimwa kwa hewa ya pwani ukifika huko unakosa pumzi: unakuwa wa njano, unatoa masizi, unazimika wenyewe, au unakataa kuwaka kabisa. Vitabu vya mafriji haya vyenyewe huonya kwamba kuwasha kunaweza kusumbua kuanzia mita 1,000. Hiyo ina maana kwamba sisi tumeshavuka mpaka kabla hata hatujatoka getini. Wa Moshi mjini kidogo wana nafuu. (Tuseme ukweli pia: usiku wa Julai pale Simba hata maziwa ukiyaacha mezani yanalala salama. Tatizo ni mchana unaofuata, ukiteremka Serengeti.)

Na ukishuka Ziwa Natron au Eyasi, kwenye joto la bondeni, shida inageuka upande wa pili. Friji la moto huweza kushusha joto kwa kiasi fulani tu chini ya lile lililoko nje. Nje pakiwa na nyuzi 25 utafurahi. Pakiwa na nyuzi 38 utakunywa soda ya uvuguvugu na kuanza kuinusa nyama. Kabla ya kununua friji lolote, la moto au la kompresa, fungua mlango utafute kwenye stika herufi za daraja la hali ya hewa. N ni kwa mazingira ya nyuzi 16 hadi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friji la N ukilipeleka Natron ni kabati tu.

Watu husema, basi tukiwa njiani tutalitumia kwa betri, kwani mengi yana njia tatu: gesi, umeme wa nyumbani na umeme wa gari. Ndiyo, lakini kwa betri linafanya kazi kama pasi: linapasha waya badala ya moto, na linakula zaidi ya wati 100 mfululizo, mengine hadi 170. Injini ikizimwa, betri ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba) haifiki asubuhi. Wenye Fuso na Isuzu zenye umeme wa volti 24 wawe macho zaidi. Waya wa kupasha uliotengenezwa kwa volti 12 ukipewa 24 unavuta nguvu mara nne, na hautachukua muda kuungua.

Kuhusu usalama sitasema mengi. Moto unaowaka usiku kucha ubavuni mwa kitanda unahitaji bomba la moshi linalotoka nje na matundu mawili ukutani, la chini na la juu. Sote tunajua habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Gesi inayoungua vibaya inatoa sumu ileile isiyo na harufu. Na moto huo lazima uzimwe kabla hujaingia kituo cha mafuta.

Ila kwangu hoja nzito kuliko zote ni fundi. Friji la moto likivuja utaona unga wa njano kwenye mabomba au utapigwa na harufu ya amonia. Mpelekee fundi yeyote wa friji hapa mjini, atalizunguka, ataligonga kidogo, kisha atakwambia kwa heshima, "Mkubwa, hii hatufungui." Na ni kweli haifunguliwi, unabadilisha mtambo wote wa nyuma, nao unaagizwa nje. La kompresa ni ndugu wa friji la nyumbani na kiyoyozi cha gari. Mengi yanatumia gesi ya kupozea ya R134a, ambayo mafundi wa viyoyozi vya magari wanaijua miaka nenda rudi. Bomba likipasuka kwa mtikisiko linachomewa, gesi inajazwa, safari inaendelea. Soma stika tu, maana mapya kadhaa yana R600a, nayo hushika moto. Usimruhusu mtu aje na tochi ya kuchomea kabla hajajua kilichomo.

Mota ndogo zilizoyafanya mafriji haya yaaminike ni za jamii ya BD iliyotoka Danfoss na sasa hubeba jina la Secop, na siku hizi kuna za Kichina nyingi zinazoiga. BD35 ya volti 12/24 inajitambulia yenyewe volti ya gari, na inavumilia mwinamo wa hadi nyuzi 30. Kwa mwinamo huo wewe mwenyewe utakuwa umeshaanguka kitandani.

Sasa hao nusu wanaolalamika. Malalamiko ni yaleyale: friji linazima usiku, friji linawaka taa nyekundu, friji limeua betri. Wanakwenda kulaumu friji. Mara nyingi kosa liko kwenye waya na betri. Kompresa hizi zina ulinzi unaozima mota volti zikishuka, na kinachopimwa ni volti zinazofika kwenye friji, si zile zilizopo kwenye betri. Fundi umeme akivuta waya wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa, kutoka mbele hadi nyuma ya gari, mita tano kwenda na tano kurudi, mota ikivuta ampea 5 unapoteza zaidi ya nusu volti njiani. Betri inasema 11.8, friji linasikia 11.2, linazima. Na wakati wa kuwaka mota huvuta zaidi ya hapo. Tumia waya wa milimita 6 za mraba, moja kwa moja kutoka kwenye betri na fyuzi yake, usiunge kwenye soketi ya kiberiti cha gari, na hasara inashuka hadi robo ya ile ya kwanza. Gharama ya waya huo ni ndogo mno ukilinganisha na friji lenyewe. Lakini ndipo watu wanapobana hela!

Betri nayo ihesabiwe kabla. Friji la lita 40 au 50 linavuta wati 45 hivi mota ikiwa inazunguka, na haizunguki muda wote. Kwa hali ya Arusha weka Ah 35 kwa siku, na kwa Natron jiandae kwa 50 au zaidi. Betri ya asidi ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu kama unaipenda, kwa hiyo una siku moja na kidogo bila chaji. Iwe betri ya pili, isiwe ile ya kuwashia gari. Sola ya wati 100 iliyolazwa juu ya paa, siku ya jua zuri, inarudisha kama Ah 28. Kwa hiyo paneli moja haitoshi. Funga wati 200. Na anayeijua Arusha ya Juni na Julai, Meru ikijifunika wiki nzima, hategemei jua peke yake. Anaweka pia chaji kutoka kwenye oltaneta, ile jenereta ya injini ya gari.

Kuna ujanja mdogo usiogharimu kitu. Lipozeshe friji nyumbani kwa umeme usiku wa kuamkia safari, na nyama ya soko la Kilombero iingie ikiwa imeshaganda. Chagua la kufungulia juu ukiweza, kwa sababu baridi huzama na haimwagiki ukifunua. Ila kama umebeba insulini, usiilaze karibu na ukuta wenye barafu. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika hata kama inaonekana nzima.

Mtungi unashinda kwa mtu mmoja: yule anayekwenda Ushongo au Pangani, akapaki chini ya mnazi mahali tambarare, asilitikise gari kwa wiki mbili. Friji la lita 100 la moto hutumia gramu 300 na kitu za gesi kwa siku, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unakwenda zaidi ya wiki mbili, kimya kabisa, bila sola wala hesabu za betri. Joto la pwani litalitesa kidogo, lakini mwinuko hautalisumbua. Mtu huyo simbishii.

Na kama gari lako limekuja kutoka Uingereza na friji la moto linalofanya kazi, usiling'oe kwa sababu yangu. Litumie hadi lichoke. Likichoka, funga la kompresa kwenye nafasi ileile, ziba mpira wa gesi kwa kizibo chake halisi, si kwa kuukunja na kuufunga waya, na yale matundu mawili ya ukutani yawekee wavu mzuri wa vumbi lakini usiyazibe kabisa, kwani kompresa nayo inahitaji kutoa joto lake nje.