Hati Ina Jina Moja

Jamani, mwenzenu nimehamishwa chumbani na kuku.

Si mafuriko, si mwizi, wala si kwamba nimeoa nikaenda kwangu. Kuku. Tena wangekuwa kuku wazima ningesema sawa, wana hadhi yao. Hawa ni vifaranga wa siku moja, mia mbili, kwenye maboksi mawili yenye matundu. Nilikuwa natoka msibani Morogoro, siku tatu sijalala vizuri. Nashuka Chamazi alfajiri na begi langu begani, nakuta bodaboda imesimama getini kwetu na mzee anapokea mzigo. Namsalimia shikamoo, ananiambia, "Shika hilo boksi, usiliinamishe." Nikashika. Nikamfuata. Nikashangaa tunaelekea chumbani kwangu. Kufika, kitanda kimefunguliwa mbao kimeegemezwa ukutani kama vile kimekamatwa, na sakafu nzima imemwagwa maranda.

Nikauliza kwa adabu, maana naishi kwake: "Baba, sasa mimi nitalala wapi?"

Akanijibu huku anawatoa mmoja mmoja: "Themanini na tatu, themanini na nne, si sebule ipo? Themanini na... umeniharibia hesabu. Moja, mbili, tatu..."

Ndivyo nilivyoarifiwa.

Kwetu sisi hakuna kikao. Kuna tangazo, na tangazo lenyewe linakuja baada ya kitu kufika. Habari za tenki la maji tulizipata lilipokwama getini. Mwembe wa uani tulijua umekatwa pale jua lilipoingia jikoni. Mama, mke wa ndoa wa miaka 31, alijua nyumba inapakwa rangi ya kijani baada ya kukuta mtu juu ya ngazi. Akamuuliza, "Wewe nani?" Fundi akamjibu kwa upole, "Mama, mimi nipo hapa tangu jana."

Na usithubutu kusema "baba, ungetuambia." Atakuuliza swali moja tu: hati ya nyumba hii ina majina mangapi? Unanyamaza. Basi.

Sasa kinachonichoma roho ni hiki. Mzee kastaafu mwaka 2023, akakutana uso kwa uso na kikotoo cha asilimia 33, ile hesabu ya mafao ya wastaafu. Ukitaka chai yako ipoe, mtajie kikotoo. Anaweka kikombe chini, anavua miwani. "Nimetumika miaka thelathini na sita. Leo mtu anakaa mahali, anaamua nipewe theluthi ya haki yangu kwa mkupuo, nyingine nidondoshewe kila mwezi kama mtoto wa bweni! Tuliulizwa? Tulishirikishwa? Wadau tulikaa?" Anapiga meza. Na sisi wadau tumekaa, mimi kwenye godoro langu la sebuleni, miguu inagusa kabati la vyombo, tunaitikia kwa pamoja: "Hawakuwashirikisha, baba." Mama anatazama dari.

Hiyo theluthi ndiyo imegeuka vifaranga.

Nilikuwa sijui kama kifaranga ni mtoto wa kitajiri. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 33 hivi, usiku na mchana, akipigwa na baridi kidogo tu anakwenda. Baridi ya wapi, Dar es Salaam, mwezi wa kumi na moja? Mzee haelewi hilo. Zikafungwa taa nne kubwa mle ndani, na kwa ajili ya siku umeme ukikatika kukawa na jiko la mkaa la zamu, ambalo mshika zamu ni mimi. LUKU, mita yetu ya umeme, ikaanza kukimbia kama ina deni. Tangazo lililofuata: feni zote marufuku hadi vifaranga waote manyoya. Kwa hiyo chumbani kwangu vifaranga wanaota moto, na sebuleni mimi najipepea na kifuniko cha beseni, jasho linanitoka mpaka kwenye magoti. Mdogo wangu wa kidato cha nne, taa ya chumba chao ilipoondolewa balbu kwenda kuongeza nguvu, akahamishia daftari zake bandani. Mtihani wa taifa kasomea kati ya kuku. Matokeo yakija mabaya sijui tutamlaumu nani.

Siku ya saba ikafika chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku. Chanjo inachanganywa kwenye maji ya kunywa, na mzee kasikia kwamba maji ya bomba yana dawa inayoua chanjo, hivyo unatangulia kuweka maziwa ya unga. Maziwa gani? Yale ya mama, ya chai. Mkebe mzima. Asubuhi ile vifaranga walikunywa chai ya maziwa, sisi tukanywa ya rangi. Mama hakusema neno. Alikoroga sukari kwa muda mrefu sana.

Lakini yote hayo ni madogo. Kubwa ni la mchumba wa dada.

Mzee alikuwa ameweka beseni la dawa barazani, kila anayeingia lazima akanyage humo kuua vijidudu. Wenyewe tulishazoea, hata jirani anayekuja kuomba chumvi anakanyaga. Jumapili moja mchumba wa dada akaja kujitambulisha. Kijana wa watu, suruali imenyooshwa hadi inakata, viatu vinang'aa kama vioo. Mzee akamwonyesha beseni. Kijana akamtazama dada, dada akatazama pembeni. Akakanyaga na viatu vyake, soksi zikalowa. Sawa, mapenzi ni kuvumilia. Kabla hajakaa, mzee akamuuliza, "Kwenu mnafuga kuku?"

Kijana wa watu akaona mlango wa mbinguni umefunguka. Akajikohoza. "Ndiyo baba! Tena wengi. Leo asubuhi nimetoka bandani moja kwa moja kuja hapa."

Ndugu zangu. Mzee aliruka kutoka kwenye kiti kama kijana wa miaka ishirini. "Toka! Toka uani kwangu! Unaniletea kideri!" Yule kijana anarudi nyuma mikono juu, anasema, "Baba, nia yangu ni njema," na mzee anampulizia dawa ya bomba la mgongoni mpaka getini. Wakamalizia maongezi kwa simu, kijana akiwa ng'ambo ya barabara chini ya mwarobaini. Dada alilia siku mbili. Mzee akasema kama anampenda kweli atarudi baada ya wiki sita.

Mpango ulikuwa kuuza Krismasi. Mpango mzuri, na ulikuwa mzuri kwa mtaa mzima, maana kumbe wastaafu wote wa kwetu walikuwa na mpango huohuo na hawakuwa wameambiana. Wiki ya Krismasi kila geti linawika. Wachuuzi wanapita na bei ya kudhalilisha. Mzee akagoma kuuza. Na kuku wa kisasa akishafika wiki ya sita, ukimbakiza anakula tu, kila siku unayongoja bei anaila yeye. Mwisho tukaanza kuwala sisi. Asubuhi supu, mchana mchuzi, usiku wa kukaanga. Firigisi za mzee, kama kawaida. Kuku watano wakichinjwa, firigisi tano sahani moja. Nilifika mahali nikaota dagaa.

Waliobaki wakaenda kwa bei ileile ya kudhalilisha. Nikazoa maranda mwenyewe, magunia kumi na moja, nikapiga deki mara nne, nikafunga kitanda changu. Harufu ilibaki lakini ilikuwa harufu yangu. Nikalala usiku mmoja, jamani, nimejinyoosha miguu yote.

Kesho yake natoka kibaruani jioni, nakuta pazia jipya mlangoni kwangu, la maua. Nikapiga hodi, yaani mimi, chumbani kwangu, nikapiga hodi. Akatoka jamaa wa makamo, taulo kiunoni, sabuni mkononi. "Karibu," ananiambia. Namuuliza yeye nani. Mpangaji. Kalipa miezi sita.

Nikageuka. Mzee yuko barazani na gazeti lake.

"Baba..."

"Bafu mtashirikiana," akasema, akafunua ukurasa.