Kidole kinasema nini, na tukijibuje?

Mgonjwa mahututi anaweza kuwa na presha nzuri kwenye mashine huku vidole vyake ni vya baridi. Mishipa mikubwa imetulia, lakini kapilari, vile vishipa ambako seli hupokea oksijeni, bado damu haipiti sawasawa. Tutajuaje bila kumchoma?

Njia moja haihitaji hata umeme. Unabonyeza ncha ya kidole cha shahada kwa kislaidi cha maabara, kile kipande chembamba cha kioo, mpaka ngozi ipauke, unashikilia sekunde 10, unaachia, unahesabu. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, kuna tatizo.

Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK, uliotoka mwaka 2019, ulihusisha wagonjwa 424 wenye mshtuko wa sepsisi, yaani maambukizi makali yanayoporomosha presha, katika nchi 5 za Amerika Kusini. Kundi moja lilitibiwa kwa kufuata kidole, la pili kwa kufuata laktati, kemikali inayopanda kwenye damu seli zikikosa oksijeni. Kufikia siku ya 28 walikuwa wamefariki asilimia 34.9 upande wa kidole na 43.4 upande wa laktati. Ni tofauti inayovutia, ila kitakwimu haikutosha kuondoa shaka ya bahati, na anayesema utafiti huo ulithibitisha kwamba kidole kinaokoa maisha anaongeza chumvi. Kwangu faida iliyo wazi ni kwamba jibu linapatikana papo hapo, kitandani.

Wanaotetea vifaa wana hoja. Kamera ndogo ya chini ya ulimi inaonyesha chembe nyekundu zikitiririka au zikiwa zimesimama, wakati kidole kinaeleza habari za ngozi tu. Baridi ya wodi inakidanganya, na macho ya watu wawili yanaweza kuhesabu tofauti. Kwenye ngozi nyeusi kupauka ni kugumu kuona, na madoadoa ya magotini, dalili nyingine ya damu kutopita sawasawa, ambayo madaktari wa Ufaransa wameyapangia alama, ni magumu zaidi. Lakini kamera hiyo nayo inavurugwa na mate, inataka mkono uliofunzwa, na picha zake huchukua muda kuchambuliwa.

Kinachonisumbua zaidi ni kile tunachofanya baada ya kuhesabu. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011 uliwachukua watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na mzunguko mbovu wa damu. Rangi kuchelewa kurudi ilikuwa mojawapo ya dalili za kuwaingiza. Waliomiminiwa maji mengi ya haraka mshipani walifariki zaidi ndani ya saa 48: takriban asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Dalili ilikuwa ya kweli. Dripu ndiyo iliyodhuru. Kule Amerika Kusini mgonjwa alipimwa kwanza kama moyo wake ungenufaika na maji.

Kwa hiyo nasimama na kidole, kwa sharti kwamba sekunde zisigeuzwe moja kwa moja kuwa chupa za maji. Muuguzi wa zamu aandike kwenye faili: saa 8:00 usiku, shahada ya kulia, sekunde 5. Kabla ya dripu, miguu iinuliwe na presha itazamwe, kuona kama moyo utanufaika na maji. Saa 8:30, kidole kilekile, ahesabu tena.