Dakika 15 za Mtoto

Jumamosi iliyopita akina mama wazee wa usharika ninaoabudu hapa Saint Paul, Minnesota, walipanga mezani, katika chumba cha chini ya kanisa, vitu vilivyotumika ili viuzwe kwa bei ndogo: masweta, vikombe, viatu vya kutelezea kwenye barafu, vitabu ambavyo wenyewe walikwisha kufariki. Binti yangu wa miaka 7 alichomoa kasha la diski lenye picha ya mvulana na mbwa mkubwa, nikalilipia dola moja, na jioni hiyo tukaketi kulitazama. Kabla picha haijakaa sawa, tarumbeta zilianza kupiga wimbo ambao kwetu Iringa hauimbwi watu wakiwa wameketi, wimbo wa Martin Luther juu ya Mungu aliye ngome yetu, ule wa Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa kila mwisho wa Oktoba. Nilikuwa nimekwisha kuinuka kabla sijajua kwamba nimeinuka. Binti yangu akaniuliza kwa nini nimesimama, nikamwambia kwamba huo ni wimbo wa bibi yake.

Kipindi chenyewe kinaitwa Davey and Goliath. Kilianza kuonyeshwa mwaka 1961, nacho kilitengenezwa na Art Clokey na mkewe Ruth kwa ajili ya kanisa lililoitwa wakati huo United Lutheran Church in America, Walutheri wenzetu. Kila sehemu ina dakika 15. Davey Hansen ni mvulana wa mji mdogo, ana wazazi na dada mdogo aitwaye Sally, na ana mbwa, Goliath, ambaye huzungumza lakini anayemsikia ni Davey peke yake. Mvulana huyo si mtoto mwema wa vitabuni. Husema uongo, huwa na kiburi, hukaidi alichoambiwa, na katika sehemu moja hupotea ndani ya pango, akaogopa giza kama mtoto yeyote anavyoliogopa. Kisha baba yake huketi karibu naye, humuuliza, na husubiri jibu. Kanisa lililogharimia kazi hii liliwapa wenye vituo vya televisheni bure, na katika sehemu zote nilizotazama sijaona namba ya kutuma sadaka wala picha kubwa ya kiongozi yeyote wa kanisa.

Wahusika wote ni vinyago vidogo vinavyosogezwa kwa mkono na kupigwa picha, vikasogezwa tena na kupigwa picha tena. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Hata kama fundi atakisogeza kinyago mara moja tu kwa kila picha mbili, dakika moja itamdai akisogeze mara 720. Kuna mahali Davey anainamisha kichwa kwa aibu mbele ya baba yake, kichwa kinashuka polepole sana, na macho yanamfuata baba kutoka chini. Niliisimamisha picha hapo. Mtu mzima, fundi wa kazi yake, aliinama juu ya meza chini ya taa kali ili mtoto asiyemjua aione aibu ya mtoto mwenzake na kuitambua kuwa ni yake. Hicho ndicho kilichonigusa, zaidi ya mafundisho yenyewe, kwa sababu mafundisho hayo hata sisi tuliyapata.

Sisi tuliyapata chini ya mparachichi. Ibada ikianza, watoto hutolewa nje, na kila aliyelelewa katika usharika wa kwetu anaijua baridi ya asubuhi ya Julai chini ya mti huo, na anajua namna watoto 100 wanavyogombania upande wenye jua. Mwalimu alikuwa mmoja, binti aliyemaliza kidato cha nne, halipwi, hana kitabu, hana chaki. Alitufundisha mafungu ya Biblia kwa kuyaimba, na mpaka leo nikiyasoma kimyakimya ninasikia sauti yake. Sitamdharau mwalimu yule. Dada yangu ndiye anayeifanya kazi hiyo sasa, chini ya mti uleule, na mwezi uliopita alinitumia picha kwenye simu: amechora Daudi na Goliathi nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, ameichomeka kwenye gome la mti kwa miiba miwili, na kwa mbali, nyuma ya watoto, zinaonekana spika mpya za kanisa, ndefu kuliko mtu, zikiwa bado na nailoni za dukani.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi tangu tuliponunua diski zile. Kalenda ya zamani kwa watoto, spika mpya kwa watu wazima. Najua zilivyopatikana, kwa maana ahadi yangu nilituma, na dada alinieleza jinsi watu walivyopandisha bei kwenye mnada baada ya ibada mpaka jogoo mmoja akanunuliwa mara tatu, kila anayemnunua akimrudisha ili auzwe tena. Watu wetu si wachoyo, na anayesema Waafrika hawatoi hajawahi kusimama nje ya kanisa la kwetu siku ya mavuno. Fedha hutoka, tena hutoka kwa watu wanaoishi kwa jembe, ila kwa miaka yote niliyokuwa huko na miaka 14 niliyokaa huku sijasikia hata mara moja mnada uliofanywa kwa ajili ya watoto wa Shule ya Jumapili.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba nimekwenda kula dola, nimesahau nilikotoka, na sasa nawafundisha kazi wale waliobaki wakilibeba kanisa mabegani. Shutuma hiyo inaniuma kuliko zote, kwa sababu wanaolibeba ni ndugu zangu wa damu. Sijasema kwamba Wamarekani ni bora kuliko sisi, na kipindi hiki nacho nimekitazama kwa macho wazi. Mji wa Davey, katika sehemu za kwanza, ni mji wa Wazungu watupu, na binti yangu aliligundua hilo kabla yangu, akauliza kama watoto kama yeye hawakuwapo Marekani siku hizo. Baadaye, katika muongo uleule wa 1960, aliongezwa Jonathan, rafiki mweusi wa Davey, na wakati huo lilikuwa jambo la ujasiri, lakini lilichelewa, nami nilimweleza mtoto kwamba lilichelewa.

Wengine watasema kwamba watoto wetu wana adabu kuliko wa huku, na kwamba adabu hiyo hawakuifundishwa na mbwa anayezungumza. Ni kweli kwamba mtoto wa Kilolo, wilaya ya kwetu mkoani Iringa, husalimia wakubwa, huchota maji bila kusukumwa, na hampiti mzee mwenye mzigo akamwacha aubebe peke yake. Najivunia malezi hayo na ninahangaika kumpa binti yangu nusu yake katika nchi ambayo jirani yangu wa ukuta mmoja simjui jina. Hata hivyo, kumfundisha mtoto kutii ni kazi moja, na kumweleza mtoto yaliyomo moyoni mwake ni kazi nyingine, na hiyo ya pili sisi tunaiacha ijifanye yenyewe.

Nitatoa mfano ambao sikupenda kuutoa. Mama yangu alifariki miaka miwili iliyopita, nami sikuweza kusafiri. Binti yangu alikuwa na miaka 5. Nilimwambia kwamba bibi amesafiri, neno lilelile nililoambiwa mimi babu alipofariki, ingawa nililala matangani na kuliona jeneza kwa macho yangu. Kwetu mtoto hafichwi msiba. Hulala kwenye mkeka pamoja na waombolezaji, hubebeshwa maua, hutupa udongo kaburini. Huo ni utajiri ambao huku hawana, maana huku mtoto anaweza kufika umri wa kuoa hajauona mwili wa marehemu. Ila katika usiku wote ule wa matanga hakuna mtu mzima aliyeketi karibu nami na kuniambia kwa maneno ya mtoto ni nini kimempata babu na nini tunachokitumaini sisi tunaoimba makaburini.

Kati ya diski zile ipo sehemu maalumu ya Pasaka, iliyotengenezwa mwaka 1967. Davey anacheza na bibi yake, wanacheka, na muda mfupi baadaye bibi huyo anafariki. Hawakumsafirisha. Walimwambia mtoto kwamba amekufa, wakamwacha akasirike, wakamwacha akae kimya, na taratibu wakamfikisha kwenye habari ya kaburi lililo wazi. Binti yangu alitazama mpaka mwisho bila kusogea, kisha akaniuliza, kwa Kiswahili, ambacho kwa kawaida nalazimika kumkumbusha akitumie: "Baba, bibi yetu naye hakusafiri, sivyo?" Niliizima televisheni nikamwambia ukweli, miaka miwili baada ya wakati wake, kwa msaada wa vinyago vilivyotengenezwa na watu ambao hawakuwahi kujua kwamba Kilolo ipo.

Basi asije mtu akaniambia kwamba ninasifu vitu vya Wazungu. Ninasema kwamba kanisa moja, zaidi ya miaka 60 iliyopita, liliona kwamba mtoto anastahili kazi ngumu, ghali na nzuri, na kazi hiyo ikamfikia mtoto wangu.

Watakaosema kwamba hatuna uwezo nao wasikilize. Televisheni Tanzania Bara tumeanza kuwa nayo mwaka 1994, kwa hiyo tulichelewa, nakubali, lakini miaka zaidi ya 30 si michache, na leo vituo vya dini viko vingi kiasi kwamba ukibonyeza kidude cha kubadilishia stesheni unatoka kwenye mkutano wa injili na kuingia kwenye mkutano mwingine wa injili. Utaalamu tunao. Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa mwaka 2014, kazi ya Dar es Salaam, kwa Kiswahili chetu, na baada yake ikaja Akili and Me, na vipindi hivyo vimevuka mipaka vikafika nchi nyingi za Afrika. Si vipindi vya dini, hufundisha hesabu, herufi na mambo mengine ya shule, lakini vimeonyesha kwamba vijana wetu wanaweza kumchorea mtoto wa Kiafrika kitu anachokipenda. Na kabla ya televisheni tulikuwa na redio: katika miaka ya 1960 studio ya Moshi iliandaa vipindi vya Kiswahili kwa ajili ya Sauti ya Injili, ile redio ya Walutheri iliyorusha matangazo kutoka Addis Ababa kuanzia mwaka 1963 hadi ilipotaifishwa mwaka 1977. Wazazi wetu walikuwa na uthubutu huo wakati barabara ya Iringa ilikuwa ya vumbi.

Lipo pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo limenikosesha usingizi. Mtu anaweza kuuliza: vipindi hivyo vizuri vimewasaidia nini, ikiwa makanisa yao leo hayana watoto? Ni kweli. Jumapili iliyopita nilihesabu watoto waliokwenda mbele wakati mchungaji anapowaita aseme nao, wakawa wanne, na mmoja wao alikuwa wangu. Wazee walionizunguka, ambao walimtazama Davey wakiwa wadogo, wanamkumbuka kwa mapenzi, lakini wajukuu wao hawamo kanisani. Sitadanganya kwamba filamu inaweza kulijaza kanisa. Lakini wazee hao hao wamelibeba jina la ushirikiano wetu, Bega kwa Bega, kati ya makanisa ya eneo hili na Dayosisi ya Iringa, wamewasomesha watoto ambao hawajawahi kuwaona, na nilipomuuliza mmoja wao alijifunzia wapi kumjali mtoto wa mbali, alinitajia mama yake kwanza, na Davey baadaye.

Na hapo ndipo uchungu wangu unaporudi nyumbani. Hapa kiti cha mtoto kipo, chenye mto, na mtoto hayupo. Kwetu watoto wanafurika, wako 100 chini ya mti mmoja, wamekuja kwa miguu yao wenyewe, wana njaa ya hadithi, na tunawaambia kwamba wao ni kanisa la kesho, kisha tunawatoa nje ili wakubwa tusikie vizuri. Sikukuu ya Mikaeli na Watoto ikifika mwishoni mwa Septemba tunawavalisha nguo mpya, wanaongoza ibada, wanasema mafungu yao bila kukosea, tunalia kwa furaha, na Jumapili inayofuata wanarudi kwenye baridi.

Mwaka huu, Mungu akipenda, nitakuwapo siku hiyo, na nitabaki mpaka mkutano mkuu wa usharika. Mapato na matumizi yatakaposomwa nitanyoosha mkono na kuomba kifungu cha watoto kisomwe kabla ya kile cha vyombo vya muziki, na kama hakipo, kiandikwe. Siombi vinyago wala kamera. Ninaomba kwanza bati na ukuta, kisha dakika 15 za redio kila wiki: mtoto aliyekosea, bibi yake, na mtu mzima anayeuliza na kusubiri jibu, kwa Kiswahili cha Iringa. Ahadi yangu ya kwanza nitaitoa hapohapo, na jogoo nitamnunua mimi.

Dada yangu amesema atasimama pamoja nami. Kalenda nimekwisha kuanza kuzikusanya, na wale akina mama wazee wa chumba cha chini, nilipowaonyesha picha ya mparachichi, wameniletea 31.