Nimeita Mmoja, Umeshuka Ukoo Mzima

Hivi jamani, ukimwita mtu mmoja, ni haki aje na ukoo mzima? Maana leo asubuhi nimebofya alama moja tu ya programu ya majedwali. Nilitaka ukurasa mtupu, nijumlishe vitu viwili vitatu, niendelee na maisha yangu. Skrini ikatulia. Ikawaza. Halafu yakaanza kushuka. Orodha ya likizo ya mwaka 2016, yenye majina ya watu ambao hapa ofisini hakuna anayekumbuka hata walikaa meza gani. Ratiba ya zamu. Jedwali linaloitwa "Jaribio", tupu kabisa, isipokuwa seli moja katikati imeandikwa "sawa". Na nyuma yao mengine, kila moja na dirisha lake, yamepanga foleni chini ya skrini.

Hao bado ni wastaarabu. Kuna moja lina nywila. Yaani faili sikuliita, silijui, halafu lenyewe ndilo linanisimamisha mlangoni kuniuliza mimi ni nani! Nikibofya Ghairi, anatokea mwenzake kuuliza kama nataka kusasisha viungo vinavyotoka kwenye faili jingine, ambalo nalo halipo tena duniani. Sitaki. Nikianza kuyafunga, swali jingine: je, uhifadhi mabadiliko? Mabadiliko gani? Sijagusa kitu! Sababu nimeshaelezwa: ndani kuna fomula ya tarehe ya leo, na kwa kuwa kila siku ina leo yake, faili likifunguka linajikokotoa upya, likishajikokotoa linajiona limebadilika. Haya. Lakini anayehojiwa kila jioni ni mimi.

Nilikuwa navumilia. Mimi ni mtu na heshima zangu, siwezi kupayuka ofisini kwa ajili ya majedwali. Heshima hiyo ilitoboka wiki iliyopita kwenye kikao, projekta inawaka, ukuta mzima umejaa faili la "Ninaowadai" la yule bwana aliyetumia kompyuta hii kabla yangu. Mstari wa nne umeandikwa cheo cha bosi, kiasi, na pembeni maneno "kila siku kesho". Bosi alisoma. Wote tulisoma. Kwa hiyo leo, lile la nywila liliponisimamisha tena, nikamwita fundi.

Fundi wetu wa kompyuta ni bwana mdogo mwenye adabu zake. "Shikamoo mzee, umezima ukawasha?" Vyote kwa pumzi moja, hata nafasi ya kuitikia marahaba sikupata. Nikamwambia nimezima, nimewasha. Akaniangalia kwa huruma, akakaa kwenye kiti changu, mimi nikabaki wima ndani ya ofisi yangu mwenyewe. Akazima. Akawasha. Kompyuta nayo, kuona imepata upenyo, ikaanza kujisasisha. Usizime kompyuta yako, ikasema, na asilimia zikaganda kwenye 30. Tukaulizana habari za nyumbani, zikaisha. Tukaulizana za kazi, zikaisha. Ikabidi tuanze kuzungumzia hizo asilimia.

Ilipoamka, akabofya. Ukoo ukashuka.

"Kumbe ni kweli," akasema.

Kumbe ni kweli! Alidhani nimemwita nimsimulie ndoto?

Akashauri tuiondoe programu yote, tuisakinishe upya. Nikatoka, nikarudi, nikatoka tena, nikawasalimia watu ambao kwa kawaida nawakwepa. Ikaondolewa, ikarudi mpya kabisa, na ikarudi na watu wake wote. Eti mipangilio ya mtumiaji haikai ndani ya programu, inakaa kwenye akaunti yake. Programu ikifa, yenyewe inabaki palepale inasubiri mrithi. Sasa kama alilijua hilo, tulikuwa tunasakinisha nini?

Hapo bwana mdogo akavua saa. Nikajua sasa kazi imeanza. Akashikilia kitufe cha Ctrl, akabofya alama, ikamuuliza kama anataka kuianzisha katika hali salama, akakubali. Ikafunguka nyeupe. Hakuna likizo, hakuna zamu, hakuna madeni ya bosi.

"Imepona, mzee!" Akainuka, akaanza kuvaa saa.

"Ngoja kwanza. Na kesho?"

"Kesho unashikilia Ctrl tu."

"Na keshokutwa?"

"Ctrl, mzee."

"Mpaka nistaafu?"

Akakaa tena. Maana hali salama haitibu kitu. Inayaruka tu yale yote ambayo programu imeagizwa kuyabeba ikianza, pamoja na nyongeza ambazo mtu unazihitaji. Ila angalau tulijua kwamba programu haina wazimu. Kuna mtu ameiagiza.

Msako ukaanzia kwenye folda inayoitwa XLSTART. Hiyo kazi yake ni moja: faili lolote la majedwali ukiliweka humo, linafunguliwa programu ikianza, hakuna cha kuulizana. Imo ndani ya AppData, ambayo nayo ni folda iliyofichwa, kwa hiyo bwana mdogo akawa anafichua hiki ili akione kile, huku mimi nasoma kwa kupitia bega lake. Tukakuta faili moja, PERSONAL.XLSB.

"Ndiye huyu!" Kidole tayari kiko kwenye Delete.

"Usiguse hilo!"

Sauti imetoka meza ya uhasibu. Dada yule hata hakugeuka. Huku anachapa mambo yake akatueleza kwamba hilo ni faili la makro, yaani maagizo ambayo programu huyatekeleza yenyewe, linafunguka kila siku likiwa limejificha wala halimsumbui mtu, na kwamba kile kitufe ninachobonyeza ripoti ya mwezi ikajipanga yenyewe kinategemea makro iliyomo humo. Mkilifuta, mzee ataipanga kwa mkono. Nikauondoa mkono wa bwana mdogo kwenye kibodi. Kwa heshima, lakini niliuondoa.

"Nendeni kwenye Faili, mwingie Chaguo, kisha mipangilio ya kina," akaendelea dada. "Mshuke mpaka sehemu ya Jumla."

Tukashuka. Tukapita mambo ya rangi, ya kuchapisha, ya sijui mishale ya kuviringisha, na bado tukashuka. Na kule chini, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hafiki, kuna kisanduku chembamba: wakati wa kuanza, fungua mafaili yote yaliyomo katika. Mbele yake yule bwana wa madeni ameweka anwani ya folda yake ya kazi. Folda nzima! Na alichotaka nakielewa kabisa. Alitaka ratiba yake ya zamu imfungukie kila asubuhi bila kuitafuta, na bila shaka siku hiyo folda ilikuwa na faili hilo peke yake. Baadaye akaanza kurundika humo kila kitu, likizo za watu, majaribio yake, mpaka siri za bosi, na kisanduku kikaendelea kutii. Sasa yeye ameshahama, na huko aliko nadhani anafungua ukurasa mtupu kila asubuhi, roho imetulia.

Bwana mdogo akaifuta anwani, akabofya Sawa, akafunga, akafungua. Kimya. Akavaa saa.

"Nilikuwa nimeshakihisi hicho kisanduku," akasema.

Alikuwa amekihisi! Dada wa uhasibu akakohoa kidogo, basi.

Na mnajua, hata siyo mafaili yanayoniudhi zaidi. Ni huku kujifanya linajua kuliko mimi. Jedwali lina mistari 1,048,576 na safu 16,384, lakini nikiingiza namba ya simu inayoanza na sifuri, linasema hapa hapatoshi, linaila sifuri. Nikiandika kitu chenye mkwaju (/) katikati, linakitafutia mwezi wa kuzaliwa. Msidhani ni sisi wa ripoti tu. Mwaka 2020 wataalamu wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walitoa mwongozo mpya, na jeni kadhaa zikabadilishwa majina, kwa sababu MARCH1 na SEPT1 zilikuwa zikiingia kwenye majedwali zinageuka tarehe moja Machi na tarehe moja Septemba. Siku hizi zinaitwa MARCHF1 na SEPTIN1. Watu wazima, na shahada zao, wameona bora jeni ibadilishe jina kuliko kuendelea kubishana na programu. Sasa mimi nani?

Jioni ikaingia barua pepe kutoka idara ya fundi: tafadhali tathmini huduma uliyopokea. Kwa jedwali, bila shaka. Kuna seli ya kuandika alama kati ya tano. Nikawaza. Kijana ana adabu, hilo siwezi kumnyima, lakini ile "nilikuwa nimeshakihisi" ilikuwa bado imenikaa kooni. Nikaandika 3/5, nikatuma.

Amenijibu sasa hivi: "Mzee, nimeona umeniwekea tarehe 3 Mei. Siku hiyo nitakuwa likizo. Tatizo linaweza kusubiri?"