Mazoezi ya Kupumua Hayalipi Marejesho

Bango jipya limetundikwa kwenye geti la kituo kimoja cha jamii hapa Moshi, likitangaza huduma jumuishi za ustawi wa akili, bila malipo, kwa wakazi wote wa kata. Sina ugomvi na bango. Ugomvi wangu ulianzia mlangoni, kwenye meza yenye karatasi ya mahudhurio, ambayo ilikuwa na safu ya jina, umri, mtaa, namba ya simu na sahihi, na katikati ya hizo, bila aibu yoyote, safu iliyoandikwa “changamoto”. Kila aliyefika alishika kalamu, akainama, akasoma kwanza waliomtangulia wamepatwa na nini, kisha akaandika la kwake. Karatasi nzima ilijaa “uchovu”. Kijana mmoja tu alikuwa ameandika “madeni”, kisha akalikata kwa mstari mwembamba ambao haukuficha chochote, na pembeni akaandika “uchovu” kama wenzake.

Naelewa kwamba wafadhili wanataka takwimu, na kwamba mratibu asiye na karatasi zenye sahihi hana cha kuambatanisha kwenye ripoti. Lakini huu ni mji ambao habari ya mtu kukosana na mkewe hutoka Pasua asubuhi na kufika Kiboriloni kabla ya chai ya saa nne, na hii ni nchi ambayo kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Ghana iliondoa kosa hilo katika sheria zake mwaka 2023, na huko Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha katiba. Sisi tunamwekea mtu aliyepitia hayo karatasi ya wazi na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kisha tunashangaa kwamba hakusema ukweli.

Ndani, mtoa mada alikuwa dada mwenye sauti ya upole na, nakiri kwa shingo upande, aliifahamu kazi yake. Alitufundisha kuvuta pumzi taratibu, kuishikilia kidogo na kuiachia polepole, na ni kweli kwamba zoezi hilo hutuliza mapigo ya moyo na humsaidia mtu aliyeshikwa na hofu ya ghafla. Baadaye tulichora kwenye karatasi “mahali ninapojisikia salama”, tukaambiwa tuwe na mtazamo chanya, tukanywa soda, tukapiga picha ya pamoja mbele ya bango, na huduma jumuishi ikaishia hapo hadi fungu litakapotoka tena.

Nyuma yangu alikuwa ameketi mama mmoja anayeuza ndizi sokoni Mbuyuni, ambaye muda wote wa zoezi la kupumua alikuwa akiitazama simu yake kila ilipotetemeka, bila kuipokea. Sikuhitaji kumwuliza ni nani aliyekuwa akipiga. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu ni siku ya marejesho ya mikopo.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Tunazungumza juu ya akili za watu wa mji huu kana kwamba zinaelea hewani, wakati sehemu kubwa ya kinachowakosesha usingizi ina kiasi, tarehe na jina la ofisa mikopo. Mwanamke amechukua laki tatu za kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili anunue mzigo. Mzigo umeozea njiani kwa sababu ya mvua. Marejesho ya wiki yamefika. Amekopa kwingine ili alipe pale, na sasa anadaiwa pande mbili. Wiki ya nne wanakuja kubeba kochi na jiko la gesi mbele ya watoto wake. Mwanamke huyo akianza kutetemeka usiku, akikosa hamu ya kula, akizima simu na kuacha kwenda kanisani au msikitini ili asionane na watu, dodoso lolote la sonona litamkuta na alama za juu, na litakuwa limesema kweli. Lakini ukimpa zoezi la kupumua pekee na kumrudisha kwa watu wale wale wanaomsubiri mlangoni, umemtibu nini?

Kuna jambo baya zaidi, ambalo sijawahi kulisikia likitajwa katika semina yoyote. Mikopo hii mingi hutolewa kwa dhamana ya kikundi, maana yake mmoja akishindwa, wenzake wanalipa. Wenzake hao ni nani? Ni jirani aliyempikia uji alipojifungua, ni shoga yake wa meza ya pili sokoni, ni wifi yake. Watu ambao angewakimbilia kulia ndio sasa wanaokuja kumgongea saa kumi na mbili asubuhi, tena wana haki, kwa sababu nao watauziwa vyombo. Deni la namna hii humnyang’anya mtu hata mabega ya kuegemea. Mtaalamu anapomshauri “zungumza na watu unaowaamini”, anamwelekeza kwa wadai wake.

Ndiyo maana nasema kituo cha jamii kinachojiita jumuishi lazima kiwe na mtu anayejua kusoma mkataba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu mwaka 2018, inawataka wakopeshaji wawe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana za wateja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nayo inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao si lazima wawe mawakili. Wakati huo huo watu wanatia sahihi makaratasi ambayo hawakubakiziwa hata nakala. Akiketi msaidizi wa kisheria mmoja hapo kituoni kila Jumatatu, awaulize watu leseni ya mkopeshaji iko wapi, awahesabie riba halisi, awaandikie barua ya kuomba muda, atakuwa amefanya kazi kubwa zaidi ya afya ya akili kuliko mabango yote ya wilaya, hata kama cheo chake hakimo katika andiko la mradi.

Wala sibuni jambo geni. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14, wahudumu wa afya wa hapo hapo mtaani, akawafundisha kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hakumhubiria mgonjwa mtazamo chanya. Alimwomba ayataje matatizo yake yote, wakachagua moja, wakapanga pamoja hatua ya kulishughulikia, na wiki iliyofuata mgonjwa akarudi kwenye benchi lile lile kueleza limefikia wapi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24 za jiji hilo, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopita kwenye benchi walikuwa na dalili chache kwa kiasi kikubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na sehemu ninayoipenda zaidi ni kwamba baada ya vikao hivyo watu walikaribishwa kwenye kikundi ambamo walifuma mikoba kwa plastiki zilizotumika, wakazungumza huku mikono ikifanya kazi, na mikoba ikauzwa.

Sisi tunao mabibi wa namna hiyo. Kila mtaa una mama ambaye msiba ukitokea yeye ndiye huamua wangapi wapike na nani alale na mfiwa, na hakuna aliyemteua. Mafunzo ya wiki chache na posho ya maana vingetosha kumfanya awe mshauri ambaye watu hawatamwogopa. Badala yake mtoa mada hulipwa nauli, malazi na posho ya siku, na mama yule hupewa fulana.

Kuhusu wanaume, nitasema kidogo kwa sababu jambo lenyewe liko wazi: hawatakuja kuketi kwenye duara na kuchora. Mpagazi aliyepandisha mizigo ya watalii hadi kambi ya Barafu, huko Mlima Kilimanjaro, mwezi wa pili, mwezi wa nne mvua za masika zinapopunguza wageni huwa yupo kijiweni hana shilingi, na kinachomfikia haraka kuliko ushauri wowote ni gongo. Wekeni meza ya drafti na mtu mzima mwenye masikio. Viongozi wa dini nao wana nafasi yao, ilimradi wasimzuie mtu kumeza dawa zake.

Kwa maana zipo dawa, na yapo magonjwa ambayo hayana habari na madeni. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayekaa siku kadhaa bila kulala huku akigawa mali, mwenye kifafa, aliyezama katika sonona hadi hawezi kunyanyuka kitandani, hao wanahitaji daktari, na hapa Moshi hatuna kisingizio, kwa kuwa hospitali ya Mawenzi ipo na ya KCMC ipo. Wajibu wa kituo ni kuhakikisha mtu anafika huko: awe na barua ya rufaa mkononi, awe na nauli ya daladala, apigiwe simu kesho yake kuulizwa kama alionwa, na akirudi na vidonge, awepo wa kumkumbusha kwamba vingine huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, asije akaviacha siku ya tano akidhani amepewa chaki.

Nimeambiwa kwamba haya yote yanahitaji bajeti. Baadhi yanahitaji, na ndiyo kazi ya diwani wetu kuyapeleka halmashauri badala ya kuja kukata utepe. Lakini kituo tayari kina chumba cha nyuma chenye mlango unaofungika, ambamo sasa kumejazwa viti vya plastiki na masanduku ya fulana za awamu iliyopita. Viti vitolewe. Ziwekwe meza na benchi, apangwe mtu yule yule kwa siku zile zile mbili za kila wiki, mradi uwepo au usiwepo, na mahudhurio yahesabiwe kwa namba bila majina. Safu ya “changamoto” ifutwe hata kabla ya hayo yote, kwa sababu kuifuta hakugharimu chochote. Fulana wagawiwe wanaozitaka.